Metali na Mpangilio wa Minyororo: Historia ya Polipropilini

Polipropilini ni plastiki inayopatikana kwa kuunganisha maelfu ya molekuli za propilini, gesi yenye atomu tatu za kaboni na sita za hidrojeni ambayo hutoka kwa wingi katika viwanda vya kuchakata mafuta. Ndoo, viti vya plastiki, kamba za rangi, mabomba ya sindano za hospitali na mifuko ya salfeti ya kuwekea mahindi na sukari hutengenezwa kwayo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, gesi hiyohiyo ilipounganishwa kwa asidi, njia ya kawaida ya wakati huo, ilitoa mafuta mazito au utomvu wa kunata usioweza kufinyangwa chombo. Malighafi haikubadilika. Kilichobadilika ni jinsi vipande vyake vilivyogeuziwa upande huu au ule ndani ya mnyororo, jambo linaloshughulikiwa na tawi la kemia liitwalo stereokemia, na kilicholeta nidhamu hiyo ni metali.

Kila molekuli ya propilini inapoingia katika mnyororo huacha kikundi kimoja cha methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu, kikining'inia pembeni. Mnyororo ukinyooshwa, vikundi hivyo vinaweza kukaa kwa namna tatu. Vikiwa vyote upande mmoja, kama ukuti uliochanwa ukabakiwa na majani ya upande mmoja tu, polima huitwa isotaktiki. Vikipishana, kimoja kulia na kinachofuata kushoto, huitwa sindiotaktiki. Vikitapakaa bila utaratibu, huitwa ataktiki. Minyororo ya aina mbili za kwanza hulingana, hukaribiana na kujipanga katika fuwele, ndiyo maana hutoa kitu kigumu. Polipropilini isotaktiki huyeyuka karibu na nyuzijoto 165 za Selsiasi. Minyororo ataktiki haiwezi kujipanga, kwa hiyo hubaki laini na ya kunata hata katika joto la chumbani.

Maumbile yalikuwa yakifanya kazi hii tangu kale. Mpira wa asili na gutapacha hujengwa kwa kipande kimoja, isoprini, na tofauti yao ni jinsi mnyororo unavyopinda penye kila kiungo maradufu. Katika mpira mnyororo huendelea upande uleule wa kiungo, muundo uitwao sisi, na kitu chenyewe hunyumbuka. Katika gutapacha huvuka kwenda upande wa pili, muundo uitwao transi, na kitu huwa kigumu. Ndicho kilichofunika nyaya za kwanza za telegrafu za chini ya bahari katika karne ya 19. Thamani ya mpangilio huo ililipwa kwa damu. Mwishoni mwa karne hiyo, watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili walilazimishwa kugema mpira wa mtoria msituni, na wengi waliuawa au kukatwa mikono kwa kushindwa kutimiza kiasi kilichotakiwa. Hakuna maabara iliyoweza kuunda mnyororo wa namna ile, na wakemia wengi hawakuamini hata kwamba minyororo mirefu ipo. Hermann Staudinger wa Ujerumani alianza kuitetea nadharia hiyo mwaka 1920, akapingwa kwa miaka mingi, na Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 72.

Polietilini, ndugu mdogo wa polipropilini, ilipatikana mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, ambako Eric Fawcett na Reginald Gibson waliibana gesi ya ethilini kwa kanieneo iliyozidi mara elfu moja ile ya hewa. Ethilini haina kikundi cha methili, hivyo swali la kulia na kushoto halijitokezi. Hata hivyo njia ile ya nguvu ilizaa minyororo yenye matawi ovyo na plastiki laini. Nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, Calvin Schildknecht aligundua kwamba polima ya etha fulani ya vinili iliyotengenezwa polepole kwenye baridi kali huunda fuwele, ilhali iliyotengenezwa kwa haraka haiundi, na akahisi kwamba chanzo ni mpangilio wa vikundi vya pembeni. Alikuwa na hoja sahihi bila kuwa na chombo cha kuitumia kwa polima nyingine.

Chombo hicho kilitoka mjini Mülheim, katika bonde la Ruhr nchini Ujerumani. Karl Ziegler, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe tangu mwaka 1943, hakuwa akitafuta plastiki. Alikuwa akichunguza misombo ambamo alumini imefungwa moja kwa moja na kaboni, misombo mikali inayowaka ikiguswa tu na hewa. Aliona kwamba ethilini hujipenyeza kati ya alumini na kaboni, moja baada ya nyingine, ikirefusha mnyororo taratibu. Mwaka 1953 mwanafunzi wake, Erhard Holzkamp, alipata tokeo la ajabu: badala ya kurefuka, mnyororo ulikatika baada ya hatua moja ukatoa butini. Uchunguzi wa subira ulionyesha kwamba mabaki madogo ya nikeli ndani ya chombo cha chuma ndiyo yaliyovuruga kazi. Maabara nyingine ingeosha chombo vizuri na kuendelea. Ziegler aliuliza swali la pili: ikiwa nikeli hukata mnyororo, metali nyingine hufanya nini?

Heinz Breil, mwanafunzi mwingine, alipewa kazi ya kuzijaribu metali za mpito moja baada ya nyingine. Zirkoni ikafanya kinyume cha nikeli: iliongeza kasi na kutoa unga mweupe wa polietilini. Titani ikashinda zote. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Heinz Martin alichanganya msombo wa alumini na tetrakloridi ya titani, akapitisha ethilini kwenye chombo cha kioo chenye kanieneo ya kawaida ya hewa, na plastiki ikajaa chomboni. Ilikuwa ngumu kuliko ya ICI na ilistahimili maji yanayochemka, kwa sababu minyororo yake ilinyooka bila matawi mengi. Tarehe 17 Novemba 1953 Ziegler aliomba hataza. Ombi hilo lilihusu ethilini. Propilini ilikuwa imejaribiwa mara moja hapo Mülheim, ikaonekana haikubali, ikawekwa kando.

Aliyeichukua ni Giulio Natta, profesa wa kemia ya viwanda katika chuo cha Politecnico di Milano, Italia. Natta alikuwa amemsikia Ziegler akitoa mhadhara Frankfurt mwaka 1952, akaishawishi kampuni ya Montecatini kununua haki za kutumia utafiti wa Mülheim nchini Italia na kupeleka vijana huko wakajifunze. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kutazama vitu kwa eksirei, na elimu hiyo ndiyo iliyomtofautisha na wengine. Tarehe 11 Machi 1954 msaidizi wake, Paolo Chini, aliunganisha propilini kwa mchanganyiko wa Ziegler, na Natta akaandika katika shajara yake kwamba polipropilini imepatikana.

Kilichokuwa chomboni siku hiyo hakikuvutia macho: donge lenye sehemu ya kunata na sehemu ya unga. Ubora wa Natta ulionekana katika alichokifanya baadaye, na hapo ndipo sehemu ya historia hii inayostahili kukumbukwa zaidi. Hakulipima donge lote kwa pamoja. Alilichemsha kwa asetoni, kisha kwa etha, kisha kwa heptani, akitoa kila mara kilichoyeyuka na kubakiza kilichokataa. Mwisho wake ulikuwa unga mweupe usioyeyuka hata katika heptani inayochemka. Paolo Corradini, aliyekuwa bado kijana, alipoupiga eksirei alipata madoa makali ya fuwele, na akaona kwamba umbo la mnyororo hujirudia kila baada ya angstromu sita na nusu. Umbali huo ulilingana na mnyororo uliosokotwa kwa mzunguko mmoja kila vipande vitatu, na msokoto wa namna hiyo unawezekana pale tu kila kikundi cha methili kinapogeuzwa sawa na mwenzake. Kwa mara ya kwanza maabara ilikuwa imejenga mnyororo wenye mpangilio uliothibitishwa, na maelezo yake mafupi yakachapishwa Marekani mwaka 1955. Majina ya isotaktiki, sindiotaktiki na ataktiki, yenye asili ya Kigiriki, yalipendekezwa na mke wa Natta, Rosita Beati.

Natta aliomba hataza ya Italia tarehe 8 Juni 1954 kabla ya kumweleza Ziegler. Huko Mülheim, Martin alirudia jaribio la propilini mwezi Julai na kufaulu, na Ziegler akapeleka ombi lake tarehe 3 Agosti, akijiona wa kwanza. Alipojua ukweli aliumia sana, kwa kuwa milango ya maabara yake ilikuwa wazi kwa Wataliano hao kwa imani ya ushirikiano. Uhusiano wa wawili hao haukurudi kuwa kama zamani, ingawa walipokea Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja mwaka 1963. Natta alifika Stockholm akiwa tayari anasumbuliwa na ugonjwa wa Parkinson. Majina yao yamebaki yameunganishwa katika vichocheo vya Ziegler-Natta, na haki iko kwa wote wawili: mmoja alipata metali, mwingine alitambua metali ile inafanya nini.

Nao hawakuwa peke yao. Huko Bartlesville, Oklahoma, J. Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips walikuwa wamepata polipropilini ya fuwele mwaka 1951, wakitumia oksidi za nikeli na kromi juu ya silika na alumina. Mashauri kati ya makampuni makubwa ya Marekani na Italia yalianza mwaka 1958 na kuendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Hataza ya Marekani ya polipropilini ya fuwele ilitolewa kwa Phillips mwaka 1983, wakati dunia ilikuwa imekwisha kuitengeneza kwa robo karne. Kiwanda cha kwanza cha Montecatini kilifunguliwa Ferrara mwaka 1957, na bidhaa zake zikaingia jikoni za Italia kwa jina la Moplen.

Kwa nini titani huweka kila methili upande mmoja? Jibu la kwanza lenye nguvu lilitoka Amsterdam, kwa Piet Cossee na Erik Arlman wa kampuni ya Shell, katika maandiko ya mwaka 1964. Kichocheo kilichotumika kwa polipropilini kilikuwa fuwele ya trikloridi ya titani, na si fuwele yoyote: ile ya rangi ya zambarau ilitoa polima yenye mpangilio mzuri kuliko ile ya kahawia. Ndani ya fuwele kila titani imezungukwa na klorini sita. Pembezoni mwa fuwele klorini moja hukosekana na pengo hubaki. Mnyororo unaokua hushikamana na titani upande mmoja wa pengo. Propilini huja, hukaa katika pengo, kisha hupenya kati ya titani na mnyororo. Klorini zilizobaki zimepangwa kwa namna isiyolingana na taswira yake kiooni, kwa hiyo nafasi hiyo ina mkono, ama wa kulia ama wa kushoto. Corradini na wenzake baadaye waliongeza hatua muhimu: klorini hazimsukumi mgeni moja kwa moja. Huulazimisha mnyororo kuelekea upande mmoja ulio wazi, na mnyororo nao huilazimisha methili ya propilini inayoingia ikae upande wa pili.

Ushahidi ulikuja kwa kuchunguza makosa. Katika miaka ya 1970 wakemia walianza kutumia mwangwi wa sumaku wa viini vya kaboni-13, kipimo kinachoweza kutofautisha jirani za kila kikundi cha methili. Iwapo kipande kilichotangulia ndicho kinachoamua mkao wa kinachofuata, kosa moja lingeurithisha mnyororo wote unaobaki upande mpya. Vipimo vilionyesha kitu tofauti: baada ya kosa moja, kipande kinachofuata hurudi upande wa awali. Kumbukumbu haikuwa ndani ya mnyororo, ilikuwa kwenye metali.

Kanuni hiyo ilifungua njia kwenye mpira pia. Mwaka 1954 Samuel Horne wa kampuni ya Goodrich alitumia kichocheo cha Ziegler kwa isoprini na kupata polima yenye muundo uleule wa sisi ulio katika mpira wa miti. Firestone walifika karibu na hapo kwa metali ya lithi. Kwa butadini, uchaguzi wa metali ukawa uchaguzi wa bidhaa: kobalti, nikeli na hasa neodimi hutoa minyororo ya sisi inayofaa magurudumu ya magari, ilhali vichocheo vingine huizalisha ile ya transi, au minyororo yenye vikundi vya vinili pembeni vilivyopishana kwa utaratibu.

Afrika Mashariki iliguswa na mpangilio huu wa methili kupitia mkonge. Zao hilo lililetwa mwaka 1893 na Richard Hindorf. Kati ya miche elfu moja aliyoagiza, 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Miaka sabini baadaye Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ikitoa karibu tani 230,000 mwaka 1964, sehemu kubwa ikienda kusokotwa kamba za kufungia nyasi za mifugo huko Ulaya na Marekani. Wakati huohuo viwanda vilijifunza kuitandaza polipropilini kuwa karatasi nyembamba, kuikata utepe na kuuvuta utepe huo hadi minyororo yake yote ikaelekea upande mmoja. Minyororo isotaktiki iliyovutwa hivyo hufunga fuwele kwa urefu na kutoa uzi wenye nguvu, mwepesi kuliko maji na usiooza. Minyororo ataktiki isingeweza kuvutwa kuwa kamba kamwe. Bei ya mkonge iliporomoka, na kufikia miaka ya 1990 Tanzania ilizalisha chini ya tani 30,000. Sababu hazikuwa moja. Ushindani wa Brazili na misukosuko ya uendeshaji baada ya utaifishaji wa mwaka 1967 vilichangia. Lakini soko lenyewe, lile la kamba za mashambani, lilichukuliwa na uzi wa sintetiki, na maelfu ya vibarua wa Tanga na Morogoro, ambao wengi walitoka mbali kuja kukata mkonge, walipoteza kazi kwa ugunduzi ambao hakuna aliyewaeleza.

Vichocheo vya kwanza vilikuwa dhaifu. Sehemu kubwa ya titani ilifungiwa ndani ya fuwele bila kuonana na gesi, mabaki yake yalilazimu kuoshwa kwa pombe, na sehemu ataktiki ilipaswa kuondolewa kwa kiyeyushi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Montedison ya Italia, mrithi wa Montecatini, na Mitsui ya Japani, ambako Norio Kashiwa alifanya kazi, zilifikia wazo lilelile kila moja kwa njia yake: kuitandaza titani juu ya kloridi ya magnesi, chumvi ambayo fuwele zake hufanana kwa vipimo na zile za kloridi ya titani. Nguvu ikaongezeka mara nyingi, lakini mpangilio ukaharibika. Dawa yake ilikuwa kuongeza misombo ya oksijeni, kwanza esta za benzoati kisha za thalati, ambayo huziba nafasi zisizo na mkono na kuziacha zenye nidhamu. Gramu moja ya kichocheo ikaanza kutoa makumi ya kilo za plastiki, na polima ikawa isotaktiki kwa zaidi ya asilimia 95, hivyo kuosha kukakoma. Mchakato wa Spheripol, ulioanza mwaka 1982, ulitoa plastiki ikiwa chembe za mviringo moja kwa moja kutoka mtamboni.

Chuo Kikuu cha Hamburg kilileta njia ya pili. Walter Kaminsky na Hansjörg Sinn walikuwa wakitumia metalosini, molekuli ambamo atomu ya zirkoni au titani imebanwa kati ya pete mbili za kaboni. Molekuli hizo zilikuwa dhaifu mno kama vichocheo, mpaka maji kidogo, adui wa siku zote wa misombo ya alumini, yalipoingia kwenye jaribio na nguvu ikapanda badala ya kufa. Maji yalikuwa yameungana na trimethili-alumini na kuunda methilaluminoksani. Kufikia mwaka 1980 mchanganyiko wa zirkoni na msombo huo ulikuwa unaunganisha ethilini kwa kasi isiyowahi kuonekana, lakini polipropilini iliyotoka ilikuwa ataktiki, kwa sababu pete zilizunguka huru na nafasi haikuwa na mkono.

Hans Brintzinger wa Konstanz alikuwa amekwisha kuzifunga pete mbili kwa daraja ili zisizunguke. John Ewen wa Exxon alionyesha mwaka 1984 kwamba molekuli za titani za aina hiyo hutoa polipropilini isotaktiki, na mwaka uliofuata Kaminsky na Brintzinger wakafanya hivyo kwa zirkoni. Mwaka 1988 Ewen, safari hii na Abbas Razavi katika kampuni ya Fina, alitengeneza molekuli ambayo nafasi zake mbili ni taswira za kiooni. Mnyororo ulipohama kutoka nafasi moja kwenda nyingine kila hatua, methili zikapishana na sindiotaktiki ikapatikana kwa urahisi. Kabla ya hapo, Natta na Adolfo Zambelli waliipata kwa vanadi kwenye baridi ya karibu nyuzi 78 chini ya sifuri tu. Idemitsu ya Japani ilitumia titani yenye pete moja kwa stirini, na kupata polistirini sindiotaktiki inayoyeyuka karibu na nyuzijoto 270. Mwaka 1995 Robert Waymouth na Geoffrey Coates, Stanford, walieleza kichocheo chenye pete zinazogeuka taratibu, ambacho hujenga kipande isotaktiki kisha kipande ataktiki katika mnyororo mmoja, na plastiki yao ikanyumbuka kama mpira.

Pamoja na hayo yote, sehemu kubwa mno ya polipropilini ya dunia, inayozidi tani milioni 70 kwa mwaka, bado hutengenezwa kwa titani juu ya kloridi ya magnesi, kwa kuwa ni rahisi na yenye nguvu. Metalosini hutumika pale uangavu au ulaini wa pekee unapohitajika. Thalati zinaachwa taratibu kwa ajili ya afya, nafasi yake ikichukuliwa na etha na esta nyingine. Na katika kichocheo hicho kinachotumika kila siku, mahali hasa ambapo titani hukaa, juu ya sura gani ya fuwele ya magnesi na ikiwa na jirani zipi, wakemia bado hawajakubaliana.